Baiskeli ya Kaboni Aliyoragizwa Kasian

Kasian huchanja kuku. Ndiyo kazi yake, na katika vijiji vya Murungu na Kitahana watu humwita Dokta Kuku, wengine kwa heshima, wengine kwa utani. Yeye huwaitikia wote kwa sauti ileile. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye miguu mirefu. Mimi namfahamu kwa sababu nafanya kazi katika duka la dawa za mifugo pale Kibondo mjini, ambako chanjo ya mdondo hukaa kwenye friji. Asubuhi huja na boksi lake, namwekea vichupa na barafu, anafunga kifuniko na kuondoka. Kuanzia hapo anashindana na jua.

Chanjo yenyewe ni tone moja kwenye jicho la kuku. Ikipata joto la kutosha inaharibika, na ikiharibika huwezi kuijua kwa macho. Tone ni lilelile. Mwenye kuku anashukuru, Dokta anaaga, na mdondo ukija banda zima linalala chali. Jambo hili huniudhi kuliko mengi ninayoyaona nchini kwetu. Soda ya baridi tumeifikisha mpaka kijiji cha mwisho, yenye jasho kwenye chupa. Chanjo ya baridi tumemwachia mtu mmoja na baiskeli yake.

Na baiskeli hiyo ilikuwa ya chuma, iliyoongezewa nondo kila mahali, yenye keria pana ya kubebea mikungu ya ndizi. Alikuwa nayo tangu kabla hajaoa. Ilikuwa haifi, lakini milima yetu aliipanda akiisukuma, na mara nyingi alipofika mwisho wa mzunguko wake barafu ilikuwa imeshakuwa maji. Pikipiki aliwahi kukodi, akaiacha, maana mafuta yalikula mapato yote. Kiangazi kilichopita, katika nyumba kadhaa za Murungu, kuku aliowachanja walikufa. Hakuna aliyemtukana. Alipopita tena walimwambia tu, "Mwaka huu pita, Dokta, tutakuita." Hawakumwita.

Basi siku moja nilikwenda Kasulu kufuata mzigo wa duka, naye akapanda nami kwenye Canter kwa sababu hakuwa na kazi. Karibu na soko kuna duka la Nurudini la vitu vilivyotumika: majiko, jenereta, vitanda vya chuma, viti vya ofisi. Nurudini ni mtu mnene, mcheshi. Baba yake alikuja na biashara kutoka Tanga, mama yake ni Muha wa Heru Juu, kwa hiyo anatania kwa lugha mbili. Juu ya mlango alikuwa ametundika baiskeli nyeusi, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, matairi membamba kama kidole.

Kasian akaishusha. Aliishusha kwa mkono mmoja, akashangaa, akaipandisha na kuishusha tena.

"Hii ni ya mtoto?"

"Ya Mzungu wa kambi ya wakimbizi," akasema Nurudini. "Mtu mrefu kama mnara wa simu. Mradi wake ulipofungwa akaniachia."

"Mbona haina uzito?"

"Ndiyo maana haijatoka. Kila anayeinyanyua anacheka, anairudisha. Wanasema ni ya karatasi."

Nikawaeleza kwamba siyo karatasi. Ni kaboni, nyuzi nyembamba kuliko nywele, zimelazwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi. Ndege kubwa siku hizi zinatengenezwa kwa kitu hichohicho.

"Ndege haijawahi kupita barabara ya Manyovu imebeba maharage," akajibu Nurudini, na watu waliokuwa wakichagua majiko wakacheka.

Kasian hakucheka. Aliniuliza neno moja: "Itadumu?"

Nilimwambia ninayoyajua, nayo hayakuwa mengi. Haishiki kutu. Haichoki kwa kupandwa tu. Lakini chuma kikizidiwa hupinda kwanza, unakiona, unakwenda kwa fundi. Kaboni haipindi. Inaweza kuwa na ufa ndani, wewe unapeta, halafu ghafla ikaachia. Na hii ilikuwa ya mtumba, hatukujua ilikoanguka. Nilitoa sarafu nikaigonga fremu taratibu, mahali hadi mahali, kwa maana palipopasuka ndani sauti huwa butu. Kote ililia ileile, tak, tak, kavu na kali. Kasian akaitazama ile barabara ya lami mpya nje ya duka, ile inayokwenda mpaka Kibondo, kisha akamgeukia Nurudini.

"Bwana Nurudini. Niragize."

Nurudini akacheka mpaka akashika meza.

Kwetu Buha, ukiwa na ng'ombe wengi kuliko malisho yako, unamragiza mwenzio mmoja. Anamchunga, maziwa ni yake, ng'ombe anabaki wako. Akiugua, mchungaji anakuja kukwambia mapema. Akifa kwa ugonjwa, mchungaji anakuletea ngozi yake, uione, na hamna kesi. Lakini akifa kwa mkono wa mchungaji, kwa kumpiga au kumtesa, mchungaji anatoa ng'ombe wake. Hakuna karatasi. Kuna watu waliosikia, basi.

"Baiskeli!" akasema Nurudini. "Mama yangu angekuwepo angekupa pombe. Haya. Maziwa yake nini?"

"Kufika mapema."

"Na mimi napata nini?"

"Unajua kama inadumu. Sasa hivi hujui, na huwezi kuiuza. Mvua zikianza naileta. Ikiwa nzima, utamwambia mnunuzi imepanda milima ya Kibondo kiangazi kizima."

Nurudini aliwaza, akanyoosha mkono. "Ikifa, ngozi uniletee."

"Nitakuletea."

Mchana huohuo Kasian aliipanda kuelekea Kibondo. Tulimpita na Canter kwenye mlima mmoja mrefu. Wenye mikungu walikuwa wameinama wakisukuma baiskeli zao, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti, anapanda, mdomo wazi kama mtu anayetaka kuimba.

Sasa, pale Kibondo hakuna baiskeli inayoingia kazini kama ilivyotoka dukani. Baiskeli mpya kwetu ni malighafi. Unaipeleka kwanza kwa fundi wa kuchomelea, inaongezewa nondo mbili kwenye uma, chuma chini ya kiti, keria ya kubeba gunia. Baiskeli isiyopita kwa fundi watu huihurumia, kama mtoto aliyetoka bila viatu. Kwa hiyo asubuhi ya pili Kasian alikwenda kwa Hilali, ambaye karakana yake iko nyuma ya stendi.

Hilali aliinua barakoa yake akaikagua. "Hapa moto haushiki, kaka. Hii siyo chuma."

"Basi nifanyie keria tu, ya kuweka boksi."

Hilali akatengeneza keria ya nondo, nzuri, nyepesi kwa kadiri ya nondo, akaifunga kwa bangili ya chuma bapa iliyozunguka bomba la kiti, lile linaloshuka kutoka kwenye tandiko mpaka kwenye pedali. Akakaza. Spana ilipogoma akaongezea kipande cha bomba kwenye mpini wake, akakaza tena.

"Sasa imekuwa ya kiume," akasema.

Na kwa kweli kiangazi kile Kasian alifika mapema. Alianza kunirudishia mabaki ya barafu dukani, analifungua boksi na kunionyesha kipande cheupe. Nyumba zilizomwambia apite zikaanza kumsimamisha. Mdondo ulipita Murungu ukachukua kuku wa wale ambao hawakuchanjisha, na mabanda mengine yakabaki na kelele zake. Watoto walikuwa wakimkimbiza barabarani wakipiga mayowe, "Karatasi! Karatasi!" naye anapiga kengele.

Kisha baiskeli ikaanza kulia. Kri, kri, kwenye mlima tu. Alitia mafuta mnyororo, akatia pedali, ikaendelea. Siku ya Jumapili aliifungua keria ili aisafishe, na chini ya bangili ya Hilali akaona mstari. Alinipigia simu, nikaenda Kitahana.

Mstari ulikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti, mlalo, ukucha unakwama ukiupitisha. Niligonga sarafu. Mimi nilisikia sauti ileile. Kasian akasema hapana, hapa ni butu. Tukagonga tena na tena, tukabadilishana sarafu. Josepha, mke wake, alikuwa akimenya mihogo pembeni.

"Kila mmoja anasikia anachotaka," akasema. "Baba Fidele anaogopa, anasikia ufa. Wewe unaipenda, unasikia uzima. Baiskeli yenyewe haijasema kitu."

Hilo lilikuwa kweli. Tulichukua kalamu ya wino mweupe, ile ya kuandikia kwenye vichupa, tukaweka alama ndogo kwenye ncha mbili za mstari. Ukiota na kurefuka, utapita alama. Keria tukaitupa. Tangu hapo Josepha alimfunga Kasian boksi mgongoni kwa kitenge, kama anavyofungwa mtoto, na kila jioni Kasian aliifuta fremu kwa kitambaa chenye maji na kuangalia. Baiskeli iliacha kulia. Mstari haukuvuka alama, si juu wala chini. Wiki zikapita.

Mawingu yalipoanza kukaa juu ya vilima, Nurudini akapiga simu. Amepata mnunuzi. Afisa mmoja aliyehamishiwa Kasulu kutoka Mbeya, Raymond, anayetaka kufanya mazoezi, na aliposikia habari za baiskeli iliyomaliza kiangazi kwenye milima ya Kibondo alifurahi sana. "Ilete, Dokta. Umenifanyia kazi nzuri."

Jioni ile tulikaa nyumbani kwa Kasian. Jambo lilikuwa hivi. Ufa haukuja kwa ugonjwa. Ulikuja kwa bangili ya chuma, na bangili aliifungisha yeye. Ni ng'ombe aliyeumia kwa mkono wa mchungaji. Nyuma ya nyumba yao walikuwa na mtamba mmoja, mwekundu, ambaye bado hajazaa. Hawakuwa na ng'ombe mwingine.

"Paka rangi nyeusi kidogo hapo," akasema Josepha. "Huo mstari hauna urefu wa kitu. Na hauoti, si mmeupima wenyewe?"

"Hauoti kwangu. Huyo afisa ana uzito gani? Nitajuaje?"

Mimi nilipandisha sauti. Nilisema kumuuzia mtu baiskeli yenye ufa bila kumwambia ni kumuuzia ajali, kwamba nchi hii imejaa vitu vilivyopakwa rangi, madaraja, madarasa, dawa, na kwamba mtu kama Kasian ndiye anayepaswa...

"Wewe kijana," akanikatiza Kasian, "huna mtamba."

Josepha akasimama, akaenda kumfunga mtamba kamba, akarudi. "Huko uendako, ukitaka kusema, sema," akamwambia mumewe. "Lakini nikiona watu wa Kasulu wanakuja na fimbo kuchukua ng'ombe, wewe ndiye utakayewafungulia. Mimi sitatoka ndani."

Tulikwenda Kasulu kwa Canter, baiskeli imelala juu ya magunia matupu. Raymond alikuwa ameshafika dukani. Alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, amevaa kaptula ya kubana na miwani ya jua, na amekwisha kuipanda baiskeli hata kabla hatujamaliza kusalimiana.

"Hii ndiyo yenyewe!" akasema. "Bwana Nurudini, nipige picha."

"Shikamoo," akasema Kasian, ingawa wanalingana umri. Ilimtoka tu. "Afisa, shuka kidogo. Kuna kitu hapa chini ya kiti."

Nurudini akamtupia jicho. "Dokta, mwache mteja apumue."

"Ina ufa," akasema Kasian.

Raymond alishuka haraka kuliko alivyopanda. Kasian akachuchumaa, akamwonyesha mstari na alama mbili nyeupe, akaeleza kuhusu keria, bangili, mlio, na jinsi ambavyo mstari haujaota tangu bangili ilipotolewa. Alieleza yote, hata sehemu ambazo hakuulizwa.

"Kwa hiyo itakatika au haitakatika?" akauliza Raymond.

"Sijui. Naona haitakatika. Kukuapia siwezi."

"Nina watoto, kaka," akasema Raymond. Akavua miwani, akaushika mkono wa Kasian kwa mikono miwili akishukuru, akaenda zake. Mpaka leo sijui kama alipata baiskeli nyingine.

Nurudini alikaa kwenye kiti kimojawapo cha ofisi anachokiuza, kikalia.

"Umeiharibia soko mwenyewe," akasema.

"Nimekuletea mapema. Haijafa."

"Haijafa lakini nani atainunua? Kesho Kasulu nzima itajua. Umeifunga chuma shingoni, Dokta! Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nilitaka idumu."

Nadhani hata Nurudini angeipeleka kwa fundi. Ni nani Kasulu au Kibondo asingeipeleka?

"Ni mkono wangu," akaendelea Kasian. "Nina mtamba. Ukisema uje umchukue, umchukue. Lakini uje wewe mwenyewe, usitume watu. Mama Fidele asione fimbo za watu."

Nilitaka kusema. Nilikuwa na mengi ya kusema, juu ya mtamba kulinganishwa na kitu kilichokuwa kinaning'inia mlangoni bila mnunuzi. Lakini Nurudini alikuwa anamwangalia Kasian, si mimi, na alimuuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Wewe, unayejua hivyo vyote. Kesho ungeipanda?"

Kasian aliupitisha ukucha pale kwenye mstari. Aliibonyeza fremu kwa gumba huku na huku akiweka sikio. Akakalia kiti, akasimama, akakalia tena.

"Ningeipanda," akasema. "Mlima ningeupanda, hapo inakwenda polepole, ikiachia naweka mguu chini. Tambarare pia. Barabara ya udongo hapana. Na mteremko ningeshuka nikitembea."

"Kutembea kwenye mteremko? Na baiskeli ya mbio?"

"Ndiyo."

Nurudini akaanza kucheka, kwanza tumboni, halafu kote. "Basi huyu ng'ombe hana zizi lingine. Anayejua ugonjwa wake ndiye amchunge. Mtamba wako simtaki, nitamlisha nini, majenereta? Niletee ile baiskeli yako ya chuma, ya nondo. Ile nikiitoa nje asubuhi, mchana imenunuliwa. Hii ichukue, iwe yako kabisa. Ikikatika usinitafute."

Hapo ndipo nilipoona uso wa Kasian ukibadilika. Mtamba alikuwa tayari kumtoa, kwa kuwa alidaiwa kwa haki. Lakini chuma kile ndicho kilichokuwa nyuma yake siku zote. Chuma kilibeba mahari yake, kilibeba Josepha kwenda kujifungua. Baada ya miaka ishirini mingine kingekuwa bado kinakwenda, na hilo kila mtu pale angeweza kuliapia. Kwa upande mwingine kulikuwa na kitu chepesi chenye ufa, ambacho hakuna mtu duniani angeweza kusema kitamaliza mwaka au miaka kumi. Kinachojulikana juu yake ni kimoja: kikifika, barafu ipo.

"Usijibu sasa," nikamwambia. "Kamuulize Mama Fidele."

"Nikimuuliza atasema chuma," akasema Kasian. "Na atakuwa na haki." Akashika usukani. "Nitakuletea Jumamosi, Bwana Nurudini."

Aliipeleka ile ya chuma Jumamosi kwenye Canter yetu, imeoshwa, hata nondo zake zimepakwa mafuta. Josepha hakumsemesha siku nzima ya Ijumaa, kisha akakata kitenge kipya cha kufungia boksi, kipana zaidi, kwa maana cha zamani alisema kinamkata mume wake mabega.

Mzunguko wa kwanza wa mvua nilimsindikiza mpaka nje ya mji kwa miguu, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu. Vijana wa mikungu walikuwa wanarudi vijijini, na kwenye mteremko wa kwanza walikuwa wanashuka kama mawe, miguu imenyanyuliwa, wanapiga miluzi. Kasian akashuka kwenye kiti. Akaishika baiskeli kwenye usukani, akaanza kutembea kando ya lami, boksi mgongoni.

"Dokta!" akapiga kelele mmoja, akimpita. "Mteremko huo! Umesahau kupanda?"

"Tangulia," akasema Kasian.

"Au Karatasi imelowa?"

Wakacheka mpaka wakapotea kwenye kona. Chini, pale barabara inapoanza kupanda tena, wengine waliokwenda njia yake walishuka mmoja mmoja, wakainama na kuanza kusukuma. Kasian alifika kwenye daraja, akafuta fremu kwa kiganja chini ya kiti, akainama kutazama alama mbili nyeupe. Zilikuwa mahali pake, na mstari ulikuwa katikati yake. Akapanda. Aliwapita wa kwanza, akawapita wa pili, anapumua kwa mdomo, akapinda kona ya juu na boksi likipanda na kushuka mgongoni mwake.